Paa la Bi Mgeni na Jina la Fundi Faki

Juzi katika kundi la simu la shehia yetu mama mmoja aliandika: "Jamani, naomba fundi paa mwaminifu, nyumba inavuja." Kabla sijaivaa miwani yangu vizuri, majina kumi na saba yalikuwa yameshatajwa, likiwamo la kinyozi mmoja ambaye kwa ninavyomjua hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko kiti. Jina langu lilitajwa mara tatu. Nikajibu kwamba mie nimestaafu tangu mwisho wa kipupwe, ngazi nimeigawa, na magoti yangu sasa yanasikilizana na jamvi tu. Hapo vijana wa kazi wakanifuata pembeni mmoja mmoja. Basi Mzee Kombo, kama hupandi tena, tuandikie. Tuambie umewezaje kuitwa miaka yote hiyo na hujabandika tangazo hata moja.

Haya, nimekaa kitako naandika. Nyumba nilizoezeka sikuzihesabu, na waliokawia kunilipa wengine ni jamaa zangu, kwa hiyo hayo tuyaache. Nitasema nilivyoanza, na nitasema habari ya nyumba moja ya Mgogoni, kwa sababu yote niliyoyajua katika kazi hii yamo ndani ya nyumba hiyo.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimeshashindwa na kazi mbili. Ushoni nilishindwa kwa kuwa sikuweza kukaa, na muhogo niliupanda kwetu Chokocho ukaliwa na nguruwe kabla yangu. Mjomba akanipeleka Mgogoni kwa Fundi Faki. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, kofia yake ya kushonwa kwa mkono imefuliwa mpaka maua yake hayasomeki, na alikuwa na tabia ya kukutazama miguu kabla hajakutazama uso. Alinitazama miguu akasema, "Kandambili hizo ziache kwenu." Hiyo ndiyo salamu yangu ya kwanza kazini.

Nilidhani nitapandishwa juu. Saa sita mchana, jua linachoma, Fundi Faki akaniingiza katika nyumba ya watu, akafunga madirisha yote, akafunga na mlango, akaniambia nilale chali sakafuni. Akaniuliza, "Unaona nini?" Nikasema giza. Akasema, "Ngoja." Nikangoja. Macho yalipozoea, nikaanza kuona vitone vya mwanga juu kwenye bati, kimoja hapa, viwili kule. "Hesabu," akasema, akatoka akaniacha. Nilihesabu tisa, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka mwenye nyumba alikuwa anafagia, ananizunguka, ananiacha katikati kama gunia la mchele. Fundi Faki akarudi akaniuliza ni vingapi. Tisa. Akasema, "Ni kumi na moja. Viwili viko juu ya kichwa chako mwenyewe." Ilikuwa kweli.

Ndivyo alivyonifundisha. Alikuwa akisema paa hulisoma uko chini, juu unakwenda kufanya ulichokisoma tu. Ilipita wiki nzima sijagusa nyundo, na nilimwambia mama yangu kwamba nimepelekwa kwa mwendawazimu.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: nyundo ya kung'olea misumari, msumeno, mkasi wa bati, pima maji, uzi na chaki ya kupigia mstari, na ngazi ya miti ya mikoko ambayo tuliibeba wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na kila tuliyempita njiani akatuuliza nani anaezeka leo. Siku hizi vijana mna mashine ya kutobolea na ngazi ya kukunja inayoingia ndani ya gari. Sina ugomvi nayo. Ila kanuni ya miguu haijabadilika: ukiwa juu ya bati, kanyaga penye msumari. Chini ya msumari pana papi, ile mbao nyembamba inayobeba bati, na papi itakubeba na weye. Ukikanyaga katikati, bati linabonyea, misumari ya pande zote inanyanyuka kidogo, na hujui umefanya nini mpaka masika yaje yakwambie.

Na chombo kikubwa kuliko vyote kilikuwa mvua. Mafundi wengi mvua ikinyesha hukimbilia kwao. Fundi Faki ikinyesha ndipo anatoka. Akiitwa na mtu aliyevujiwa, alikuwa anasema, "Nitakuja ikinyesha," na kweli atakuja, suruali imekunjwa mpaka magotini, atakaa chini ya pale panapodondoka, atapewa chai, atatazama juu. Mkewe alikuwa akisema ameolewa na chura. Lakini maji ni waongo, vijana wangu. Yanaingia huku, yanatambaa na papi hatua mbili tatu, yanadondokea kule. Fundi anayekuja na jua anapiga lami palipodondoka, anakwenda zake, na mvua inarudi palepale. Ukimwona fundi anakubali kukaa ndani ya nyumba inayovuja wakati inavuja, huyo mshike.

Nilikaa naye miaka sita. Kisha nikarudi kusini kwetu, nikafanya kazi kwa jina langu, Chokocho na pande za Mkoani, na tukawa tunaonana sikukuu tu. Miaka ikapita. Siku moja ya Idi nilikwenda kumwamkia nikamkuta amekonda, na ngazi haipo ukutani. Nikamuuliza, "Fundi, ngazi umeazima?" Akasema ameiuza. Ni mkewe aliyenisindikiza mpaka barabarani akanihadithia.

Hapo Mgogoni kulikuwa na mwanamke akiitwa Bi Mgeni, mpishi wa shughuli. Ukioza binti, ukisoma hitima, ukialika watu mia tatu, Bi Mgeni ndiye anayesimama mbele ya masufuria. Alikuwa akiitwa Wete, akiitwa Chake, akiitwa mpaka visiwani. Fundi Faki alimuezekea nyumba yake mpya, bati zote mpya. Mwaka wa kwanza masika yalipoingia, nyumba ikavuja. Bi Mgeni hakwenda kwa Fundi Faki kuuliza. Alikwenda jikoni. Na jikoni kwenye shughuli, mnajua wenyewe, wanawake thelathini wanamenya vitunguu, hakuna redio itakayoshinda hiyo. Akasema Faki kamwibia misumari, kapiga mmoja karuka mwenzake, iliyobaki kaingia nayo kwao. Alisema Wete, alisema Chake, kila jiko alilopika alisema.

Fundi Faki mwenyewe kwa desturi yake kazi ikiisha huimimina misumari iliyobaki kwenye sinia mbele ya mwenye nyumba. Hata huyo Bi Mgeni alimiminiwa. Lakini mtu akivujiwa na maji juu ya kitanda chake hakumbuki sinia. Simu za kazi zikapungua, kisha zikakatika. Akaacha hata kwenda kwenye harusi, kwa sababu kila harusi aliyoalikwa pilau limepikwa na Bi Mgeni. Mtu aliyeniingiza katika kazi, niliyemjua hawezi kuchukua hata kipande cha uzi cha mtu, amekaa ukumbini anasuka kamba. Nilirudi Chokocho siku ile nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Mwaka wa pili Bi Mgeni akaita fundi mwingine, akapaka lami. Masika yakaja, nyumba ikavuja. Mwaka wa tatu akaita mwingine, akaongeza misumari mpaka bati likawa limejaa vichwa vya chuma. Ikavuja vilevile, na safari hii juu ya chumba alichokuwa anakitayarisha kwa harusi ya binti yake, Zuhura. Bwana harusi anakuja kukaa fungate ndani ya chumba kile, na beseni liko katikati ya kitanda.

Sasa mwone akili yake. Mafundi wa kutajiwa na watu hakuwataka tena. Kila alikokwenda kupika akawa anatazama juu. Akikoroga mchuzi anatazama juu, akionja chumvi anatazama juu, anatafuta paa lisilo doa. Chokocho kwenye hitima moja akaliona. Akauliza nani aliezeka hapa, na paa limekaa mwaka wa ngapi. Akaambiwa Kombo, mwaka wa tisa. Akaomba namba yangu. Mie naona hiyo ndiyo njia bora ya kutafuta fundi paa ambayo nimepata kuisikia, na aliivumbua mtu niliyekuwa sitaki kumsikia jina.

Aliponipigia na kujitaja nilikaribia kuikata simu. Kisha nikafikiri, nikiikata, Fundi Faki atapata nini? Nikamwambia, "Nitakuja ikinyesha, Bi Mgeni."

"Ikinyesha? Ntu akija na mvua, mie nimwite fundi au nimwite jini?"

"Niite unavyotaka. Nitakuja ikinyesha."

Siku ya tatu mbingu zikafunga, nikapanda gari asubuhi, nikafika Mgogoni nimelowa mpaka mfukoni. Alinipokea vizuri, sina la kusema. Mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, leso mbili, mikono haitulii. Akanipa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, nikakaa chini ya kitone, naye akakaa mlangoni akanihadithia habari ya Faki tangu mwanzo. Mwizi. Mnafiki. Anapiga msumari mmoja anaruka mwenzake. Mie natafuna mkate natazama juu. Mkate ulikuwa mtamu sana, na hilo liliniudhi zaidi.

Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo niliyaona maji vizuri. Hayakuingilia kwenye msumari hata mmoja. Yalitokea juu zaidi, pale bati la juu linapolalia bati la chini, yakatambaa na papi, yakaja kudondoka kitandani. Na hayakutokea mahali pamoja. Mpishano wote wa upande ule wa magharibi ulikuwa unatoa machozi. Upande wa mashariki, mkavu kabisa. Fundi mmoja, bati za namna moja, misumari ya namna moja, upande mmoja unavuja na mwingine hauvuji. Nikajua jibu liko juu.

Kesho yake jua likatoka. Nikaazima ngazi kwa jirani, nikapanda kutokea nyuma, penye banda la jiko, ambapo paa limeshuka chini karibu na kichwa cha mtu. Kitu cha kwanza nilichokitazama ni misumari. Katikati ya ile iliyoongezwa, mstari wa Fundi Faki ulikuwa umenyooka kama umepigwa na rula, na hakuna hata mmoja uliorukwa. Nikaupapasa mstari ule kwa furaha. Kitu cha pili nilichokiona ni mabonyeo. Upande wote wa magharibi bati lilikuwa limebonyea katikati ya papi na papi, mabonyeo mapana, hatua moja, hatua ya pili, kwenda na kurudi. Miguu ya mtu mzito.

Nikanyanyua ncha ya bati pale kwenye mpishano kwa patasi. Harufu ikanijia kabla sijaona. Karafuu. Zilikuwa zimejaa humo ndani, karafuu na makonyo, yale matawi madogo ya vishada vyake, zimeshindiliana, nyeusi, zimeoza, zimeziba njia ya maji kutoka mwanzo wa bati mpaka mwisho. Maji yakishuka yanakuta ukuta, yanajaa, yanarudi nyuma, yanaingia ndani.

Nyinyi mnaosoma ni Wapemba, sina haja ya kuwaeleza sana. Mnajua mchumo unavyokuwa, mvua za vuli zinakatiza, jua linatoka saa mbili linajificha, karafuu mbichi zimejaa nyumbani, kuku wanazifukua, mbuzi wanazikanyaga, na uani majamvi hayatoshi. Bi Mgeni alikuwa na mikarafuu yake michache aliyoirithi. Na akaona juu kuna bati pana, jipya, linapata jua la mchana wote, linachoma kama chuma cha kukaangia. Akatandika majamvi juu ya paa. Akapanda kwa kutokea jikoni, asubuhi kuanika, mchana kugeuza, jioni kuanua, mchumo mzima. Miaka mitatu, na kila zilizomwagika majamvini zikaingia kwenye mipishano iliyofunuka kwa miguu yake.

Nilikaa juu pale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, na nitawaambia ukweli kwa nini. Nilikuwa na uwezo wa kuzikwangua karafuu zile, kuyanyoosha mabati, kushuka na kusema, nyumba imepona. Bi Mgeni angenitangaza kila jiko la kisiwa hiki. Fundi Kombo kafanya lililomshinda Faki. Nisingekosa kazi mpaka naingia kaburini. Na nilijua wale mafundi wawili waliopita lazima nao waliisikia ile harufu, wakanyamaza. Nililifikiria jambo hilo, si kwa dakika moja. Naona haya, lakini nimeahidi kuandika.

Nikajaza kiganja, nikashuka, nikaomba sahani. Nikaziweka karafuu kwenye sahani mbele yake, pembeni ya kikombe cha chai.

Akazitazama. Mtu wa karafuu hulijua konyo lake. "Hizi zangu," akasema. "Mbona zimeoza? Umezitoa wapi?"

"Kwenye paa."

"Paa lipi?"

"Hili. Zimo za mwaka huu, za mwaka jana, na za mwaka ule Fundi Faki alipomaliza. Zimeziba maji, Bi Mgeni. Na miguu ya mwanikaji imebonyeza bati."

Usoni kwake ilikuja hasira kwanza, nikaiona inapanda. "Yaani weye umetoka Chokocho kuja kunambia mie nimeharibu nyumba yangu mwenyewe?"

"Nimekuja kukwambia inavujia wapi. Ndilo uliloniitia."

"Bati ni chuma. Chuma kinashindwa kumbeba mwanamke?"

"Kinambeba. Penye msumari."

Akakichukua kikombe changu cha chai akakirudisha jikoni, nikajua nimefukuzwa. Nikaanza kukusanya vyombo. Nilikuwa nimeshaifunga nyundo kwenye kitambaa aliporudi na kikombe kilekile, amekijaza tena. Akakiweka. Akakaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, akavuta leso usoni.

"Na Faki?" akasema.

"Misumari yake yote iko juu. Hakuruka hata mmoja. Panda ukahesabu, au usipande, tafadhali, maana bati limechoka."

Akacheka kidogo ndani ya leso, cheko la mtu anayelia. "Weye unamjua Faki?"

"Ndiye aliyenifundisha kazi."

"Na jana nimekaa hapa nimemtukana asubuhi nzima, ukanyamaza?"

"Ningesema, ungenipa mkate?"

Hapo ndipo alipocheka sawasawa, mpaka Zuhura akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Na alipomaliza kucheka akalia sawasawa pia.

Nilimsafishia mipishano yote, nikayanyoosha mabati kiasi cha kuivusha harusi, nikamwambia bati tano lazima zibadilishwe harusi ikipita, na kwamba mie sizibadilishi. Aliyeezeka ndiye atakayebadilisha. Akasema, "Twende basi." Akavaa buibui, tukenda kwa miguu mpaka kwa Fundi Faki, yeye mbele, mie nyuma.

Fundi Faki alikuwa ukumbini na kamba yake. Bi Mgeni akamwamkia, akamweleza yote, hakujificha. Akamwomba radhi. Akamwomba aje abadilishe bati.

Fundi Faki akaendelea kusuka mpaka akafika mwisho wa uzi. Akasema, "Radhi nimekupa, Bi Mgeni, mie nawe ni Waislamu. Paa, sipandi."

"Kwa nini?"

"Nikipanda leo, watu watasema Faki karudi kumalizia wizi wake. Majiko uliyonisemea, nenda ukasemee tena."

"Yote?"

"Yote."

Nilidhani Bi Mgeni atakasirika. Akakaa kwenye ngazi ya ukumbi akaanza kuyahesabu kwa vidole, na kwa kuwa ni mpishi, hakuyakumbuka kwa majina ya watu. Aliyakumbuka kwa sufuria. Ile biriani ya Wete iliyokaribia kuungua. Lile pilau la Chake la mbuzi watatu. Ile hitima ya Chokocho ya wali wa nazi. Na kule Kojani, harusi ya samaki wa kupaka. Yakafika kumi na moja. Alipoitaja Kojani akaguna, kwa sababu Kojani hufiki ila kwa mashua, na Bi Mgeni na bahari hawapatani hata kidogo.

Jiko la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, siku ya harusi ya Zuhura. Alisimama na upawa mkononi mbele ya masufuria, wanawake wote wamekaa, akasema: "Nisikilizeni kabla sijapakua. Nilisema Faki ni mwizi wa misumari. Mwongo mie. Paa nimeliharibu mwenyewe kwa kuanika karafuu, na miguu hii hii mnayoiona." Wanawake walicheka mpaka sisi wanaume kwa nje tukadhani pameanguka kitu. Kuna aliyemuuliza alipandaje, na yeye akaonyesha alivyopanda, na leso zake na jamvi begani. Tangu siku hiyo hadithi ile ikawa inaombwa. Alikokwenda kupika, akisahau, wenyewe wanamkumbusha: Bi Mgeni, tuhadithie ulivyoanika karafuu. Kila akihadithia, jina la Fundi Faki linatoka safi, na yeye anatoka na kicheko cha watu. Nilimheshimu sana. Mimi nisingeweza.

Msimu ukaenda. Mie nikawa nakuja Mgogoni mara kwa mara, nakaa na Fundi Faki ukumbini. Simu yake ilianza kuita tena. Mtu wa Wete, mtu wa Chake. Alikuwa anapokea, anasema atafikiri, anaiweka. Nilimuuliza anafikiri nini. Akasema, "Bado moja."

Alasiri moja tukamwona Bi Mgeni anakuja kutoka barabarani, mtandio umemkaa upande, uso wa kijivu, anatembea kama mtu aliyetoka kuugua. Ametoka Kojani. Ametapika kwenda, na ametapika kurudi. Hakuwa ameitwa kupika, hakukuwa na shughuli yoyote. Alipanda mashua akenda nyumba ile, akawaomba wenyewe wamkusanyie wanawake, akasema, akarudi. Alisimama mbele ya ukumbi akashika nguzo.

"Yamekwisha," akasema.

Fundi Faki akaweka kamba chini. "Yote?"

"Kumi na moja. Kojani wamecheka kuliko wote."

Alimtazama miguu, kama alivyonitazama mie siku ya kwanza, ina mchanga wa ufukweni mpaka vifundoni. Kisha akamwita mkewe alete chai, akamsogelezea Bi Mgeni jamvi. "Keti kitako, dada yangu," akasema. "Kesho ngazi nitaazima. Bati umeshanunua?"

"Nimenunua tangu harusi haijafika. Ziko chini ya kitanda."

Asubuhi yake Fundi Faki alikuwa juu ya paa la magharibi, miguu mitupu, msumari kwa msumari. Bi Mgeni alikuwa chini ameikamata ngazi kwa mikono miwili, na kila jirani aliyejitolea kumshikia alimfukuza. Barabarani watu walisimama. Fundi Faki akachungulia chini.

"Bi Mgeni, mwaka huu karafuu utaanika wapi?"

"Chini, Fundi," akasema. "Chini kabisa."

Nyundo ikaanza. Mie nilikuwa uani nampa bati la kwanza, na machozi yananitoka, na watu wananiona, na sikuyafuta.